Kipande cha Chini cha Picha

Dar es Salaam
9 Mei 1951

Kwa mpenzi dada yangu Ashatu,

Shikamoo dada. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, ila kifua kinanibana kidogo kwa baridi ya huko mtoni. Natumaini wewe na mpwa wangu Mwanabaraka hamjambo, na eda unaikaa kwa subira. Mungu amrehemu shemeji Mohamedi.

Humu ndani utakuta picha moja katika zile nilizopiga ile jioni nilipotembea kando ya Ruvu, mvua ilipopusa. Itazame vizuri. Mto umefurika, mawingu yamefunguka, na wewe umesimama katikati unacheka. Mhindi aliyenisafishia hajaona picha kama hii kutoka kwa mtu asiye fundi. Ameikuza akaiweka dirishani pa duka lake, na watu husimama kuitazama. Wananiuliza nilifanyaje ukacheka vile. Nawaambia mpiga picha anayejua kazi hungoja. Kipande cha chini tulikikata, maana kilikuwa na kivuli changu, kikiharibu.

Nyinyi huko mmezoea kuuona mto kuwa mahali pa kuchota maji tu. Ukiitundika ukutani, labda mtaanza kujua mnaishi pazuri.

Ni mimi mdogo wako,
Pazi


Mtoni, Bagamoyo
20 Mei 1951

Kwa mdogo wangu Pazi,

Marahaba. Mimi na Mwanabaraka hatujambo. Kifua chako pole. Pale ulipokaa palikuwa na maji mengi. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni ili nisiandikiwe na mtu. Tulisoma kwa mwalimu mmoja, nawe ndiwe uliyekuwa ukilia, lakini jitahidi.

Mpiga picha anayejua kazi hungoja. Haya, ulingoja kweli. Maji ya masika yalikuwa yanakula kaburi la mume wangu. Mimi nimetoka edani kwa haja hiyo moja, na jembe, nichimbe mfereji kabla jua halijazama. Wewe mwanamume mzima umesimama na kisanduku cha picha tumboni, unaniambia nisogee kushoto. Jembe la pili lilikuwa chini, karibu na kiatu chako. Ukaliruka. Kisha ukarudi kinyumenyume upate mto wote, ukatua matako matopeni, miguu juu, kofia ya pama puani, na kisanduku kikaalika chenyewe. Ndipo nilipocheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu Mohamedi afe, na sikukikusudia.

Sasa sikiliza. Sihaba, mke wa shemeji Mbaruku, alikwenda Dar kutibiwa, akaiona picha dirishani. Mbaruku ametoka Miono mpaka hapa. Anasema mjane anayekwenda mtoni kucheka ndani ya eda hawezi kumlea mtoto wa ndugu yake, kwa hiyo atamchukua Mwanabaraka. Nimemweleza yote. Anasema kwenye picha haoni kaburi, haoni jembe, wala haoni mtu aliyeanguka.

Itoe picha hiyo dirishani. Kisha uniletee nzima, pamoja na kipande cha chini. Kivuli chako kimo, miguu juu, na Mbaruku ana macho.

Dada yako,
Ashatu


Dar es Salaam
4 Juni 1951

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Barua yako nimeisoma, ingawa kwa hati ile imenichukua siku mbili.

Usihangaike. Nimemwandikia Mbaruku mwenyewe, kwa mashine ya ofisini, ajue anaandikiwa na nani. Nimemweleza kwamba katika kazi hii mpiga picha humwambia mtu acheke, naye hucheka. Kwa hiyo ulicheka kwa amri yangu. Yaishie hapo. Mtu wa Miono aliyezaliwa katika mihogo na atakayezeeka katika mihogo hatanifundisha mimi maana ya picha.

Kipande cha chini siwezi kukuletea. Mabwana wa ofisini wameiona picha ile, na mmoja ameniomba nakala. Ikienea kwamba ilipigwa na mtu aliyekaa matopeni miguu juu, nitakuwa nani? Karani ana heshima yake. Dirishani itatoka mwisho wa mwezi. Mhindi hapendi kupangiwa.

Nawatakia Ramadhani njema.

Mdogo wako,
Pazi


Mtoni, Bagamoyo
12 Julai 1951

Pazi,

Mimi mzima. Wewe najua hujambo.

Mbaruku aliisoma barua yako ya mashine mbele ya wazee, polepole, mara mbili. Mimi nilikuwa nimewaambia nilicheka kwa sababu umeanguka. Wewe umewaambia nilicheka kwa sababu umeniamuru. Wakaniuliza mwongo ni yupi. Kabla sijajibu Mbaruku akasema mwanamke anayecheka kwa kuamriwa, na udongo wa mumewe haujakauka, ni mbaya kuliko anayecheka kwa kupenda kwake.

Mwanabaraka aliondoka siku tatu kabla ya Idi. Nilimsuka. Nguo yake ya sikukuu nilimfungia katika kanga, akaibeba mwenyewe. Idi nimeila peke yangu.

Karani ana heshima yake. Ikumbatie, ulale nayo.

Dada yako, maana mama yetu hakuniuliza,
Ashatu


Dar es Salaam
3 Oktoba 1951

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Barua zangu tatu hukuzijibu, na sikulaumu.

Mwezi uliopita nilitumwa Lugoba kwa kazi, nikapita Miono na kamera begani. Mwanabaraka alikuwa uani kwa Sihaba akimenya mihogo. Aliinuka akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza, "Mjomba, mama bado anacheka?" Nikasema hapana. Akaniambia, "Mwambie asicheke tena, nirudi." Nikaondoka bila hata kunywa maji.

Filamu Mhindi alikuwa nayo bado. Ametoa picha nzima, nakala mbili. Kivuli changu kimo kama ulivyosema. Jembe moja liko miguuni pako, na la pili liko kando ya kivuli. Nakala moja nimempelekea Mbaruku, na safari hii nimeandika kwa mkono: nilianguka, na dada yangu alinicheka mimi. Ya pili ni hii. Ofisini wameiona na wananiita Bwana Matope.

Nisamehe dada kwa kuanguka kule, na kwa kuficha.

Mdogo wako,
Pazi


Mtoni, Bagamoyo
28 Oktoba 1951

Pazi,

Shikamoo yako nimeiona, nimeiacha hapo hapo kwenye karatasi.

Mbaruku aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kumbe yeye anaruhusiwa. Juzi amemleta Mwanabaraka mwenyewe, pamoja na mkungu wa ndizi, akaniomba radhi mbele ya wale wale wazee. Mtoto amerefuka. Nikimtania hutabasamu mdomo umefumba, kisha hunitazama kuhakikisha kwamba na mimi nimefumba wangu.

Unaomba msamaha kwa kuanguka. Kuanguka huanguka mtu yeyote, na kucheka nilikwisha kucheka. Lile jembe la pili, uliloliruka, ndilo ambalo hukulitaja ila kwa kuwa limetokea kwenye picha.

Ulitaka niitundike ukutani. Nimeitundika, lakini kwanza nimeikata kwa mkasi. Mto na yule mwanamke anayecheka nakurudishia humu ndani, ukawaonyeshe mabwana zako. Mimi nimebaki na kipande cha chini: matope, majembe mawili, na kivuli cha mtu miguu juu. Mwanabaraka ameniuliza huyo ni nani. Nimemwambia ni mpita njia.

Ashatu binti Ausi