M niliyoiruka

Jumatatu, 3 Februari 1997
Irabu wamezishika. Wanaziimba mpaka wapita njia wanacheka. Sasa ni zamu ya m. Kila mwalimu wa darasa la kwanza hufuata na m, maana ikikutana na a mtoto anasoma neno lake la kwanza: mama. Nimeitazama safu ya mbele. Ni wangapi bado wanaye baada ya mauaji ya 1994? Nimeandika s badala yake. Tumesoma "isi", dunia kwa Kinyarwanda.

Jumanne, 4 Februari
S tena. Watoto wamechoka nayo, na mimi pia. Walimu wenzangu hunyamaza nikiingia. Kinyarwanda changu cha kukulia Bukavu, Zaire, kinawachekesha. Wacheke. Nimekula viazi vitamu vya jana, peke yangu.

Jumatano, 5 Februari
Sokoni Kamembe, mpakani. Nimewauliza tena wanawake wanaovuka daraja kutoka Bukavu na vitenge. Tangu vita vianze huko Oktoba sijui mama yangu yuko wapi. Hakuna aliyemwona. Mmoja amenipa ndizi, kama anambembeleza mtoto. Nimekasirika. Ndizi nimeila njiani.

Alhamisi, 6 Februari
Directeur, mkuu wa shule, ameingia darasani.
"Maman Mwalimu, m iko wapi? Batoto banasoma isi, isi, kila siku!"
Mbele yao! Nisipoifundisha kesho, darasa atampa mwingine. Namchukia. Amesema kweli, ndiyo maana. Bila hawa watoto hakuna anayenisalimu asubuhi.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeandika m. Halafu a. Kisha m na a tena.

Aliyesoma wa kwanza ni Esperance, yatima wa safu ya mbele, aliyekulia Bukavu kama mimi. Kwa sauti kubwa. Kisha wote, mara nyingi kuliko nilivyowaomba. Hakuna aliyelia. Nimelia mimi, uso ubaoni.

Wameandika kwenye vibao vyao, wameviinua juu, nimekagua. Nikasema futeni, maana vibao ni hivyo hivyo vya zamu ya mchana. Hakuna aliyefuta. Esperance amekikumbatia chake.
"Maman, acha kwanza. Niko nasoma."
Wa mchana wamengoja nje. Directeur amesimama mlangoni, akatazama, akaenda zake. Darasa bado ni langu.

Jumamosi, 8 Februari
Mvua. Nguo hazikauki. Nimekuja na kibao kimoja nyumbani. Nimeandika lile neno, nikalisoma kwa sauti. Chumba kitupu. Nimelisoma tena. Nitalifuta Jumatatu, kabla watoto hawajaingia.