Mama wa Langoni

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipoanguka jikoni ukikata vitunguu, na sisi bado tunaogopa.

Walikuita Mama wa Langoni. Kwa miaka kumi na mmoja, kila mwanamke aliyemaliza kifungo alikukuta nje ya gereza, umekalia ndoo iliyopinduliwa, na gauni safi kwenye mfuko wa rambo. Ulifika alfajiri. "Wauza unga nao wanaijua tarehe," ulituambia. "Mwili umeshasahau dawa za kulevya. Akitumia kipimo chake cha zamani leo, kesho haioni."

Uliwaleta nyumbani. Uliwapa vitanda vyetu, tukalala chini tumenuna. Uling'oa makomeo yote, hata la bafuni, mtu asije akajifungia akafia humo. Baba akawa anaoga huku anaimba, ili asifumaniwe.

Jumanne iliyopita ilikuwa zamu ya kitindamimba wako kutoka gerezani. Tuliambiwa atatoka saa tatu, tukafika saa mbili na nusu. Askari wa langoni akasema, "Huyo ametoka tangu saa moja. Kuna mwanamke kamchukua na pikipiki."

Baba alikaa chini palepale, vumbini. Mimi nilikimbia stendi, nyuma ya soko, vyoo vya kulipia. Kila mlango nilioushika, Mama, nilishamwona amelala sakafuni kabla sijausukuma.

Ndipo simu ikalia. Ni yule mshonaji, wa kwanza kabisa uliyempokea. "Dada, tulia. Ninaye hapa. Nilijua nyie mtaamini hiyo saa mliyoambiwa."

Tulimkuta kati ya vyerehani, ameshika kikombe cha chai. "Nilijua Mama amekufa," alisema. "Barua yenu niliipata. Lakini lango lilipofunguliwa, nilimtafuta." Kisha akamshika Baba mkono wa shati. "Leo msiniache peke yangu. Hata dakika moja."

Hatujamwacha, ila mara moja tu. Juzi alikwenda dukani kununua chumvi, akachelewa. Baba alimfuata mbio, kandambili mguu mmoja. Alimkuta kwenye foleni. Walirudi wanacheka, lakini Baba alikaa karibu naye mpaka jioni.

Kesho anatoka mwanamke mwingine, hana ndugu. Mdogo wangu anataka kwenda kumpokea. Wale waliomuuzia yeye unga zamani watakuwa wamesimama palepale, wanamjua kwa jina. Nilimwambia, "Bado mapema, mdogo wangu." Akajibu, "Naogopa kuliko wewe, dada. Ila yule anatoka kesho, hatoki mwezi ujao."

Tumekubali. Tutakwenda sote, na mdogo wangu tutamweka katikati.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, mdogo wako fundi viatu, wajukuu, mshonaji, na wanawake wote uliowangoja. Hatujakusahau, Mama, na siku ya kukusahau haipo.