Mtoto wa Kabatini na Baba Yake

Bustan, Maskati

Kaka yangu Shabani,

Shikamoo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka. Wewe sijui u hali gani, maana simu hupokei na ujumbe hujibu. Habari zako nazipata kwa wifi, naye hunipimia kidogo kidogo. Anasema kifua kimetulia na unakula vizuri, Alhamdulillahi. Mama naye magoti yake vipi? Mwambie ile dawa ya kuchua atumie mwenyewe, asiwagawie majirani. Barua hii nimempa Rehema, shoga yangu ninayetoka naye sokoni Matrah siku za mapumziko, anakuja Tanga likizo. Nimemwagiza akutie mkononi na asiondoke mpaka uifungue. Kama amekaa hapo anakutazama, mpe chai.

Kaka, Mzee wangu amefariki. Yule Mtaliano niliyekuwa namlea tangu mwaka juzi, baba yake Madamu. Alikata roho Jumatano iliyopita asubuhi nimemshika mkono, na jana Madamu amesafiri na maiti kwenda kwao. Nimebaki peke yangu kwenye nyumba kubwa, nafuta vumbi ambalo halipo. Nimelia sana. Lakini sikuandikii kwa sababu ya msiba tu. Kuna jambo nimelifanya, na mtu wa kumuuliza sina ila wewe.

Ngoja kwanza nikueleze mtu mwenyewe. Mzee alikuwa mwongozaji wa filamu, na filamu zake zote za kutisha: mapepo, makaburi, wanawake wenye makucha. Ungemwona usingeamini. Kizee chembamba, kina adabu, kinaogopa mjusi. Mjusi akipita ukutani alikuwa anapiga ukelele, "Ida! Ida!", kwa sababu Mwanaidi lilimshinda. Baba yake alikuwa na bucha katika mji mdogo wa milimani. Yeye akaikimbia bucha angali kijana, akaenda mjini kufagia studio. Huko akajifunza kufinyanga vichwa vya plasta, kisha majeraha, kisha damu. Damu yake ilikuwa sharubati nzito na rangi ya keki. Siku moja alinipikia ya kunionyesha, nikasugua marumaru ya jikoni wiki nzima.

Filamu yake ya kwanza aliimaliza mbio mbio, maana jumba walilokodi lilikuwa linangoja kubomolewa. Watu wakajaa. Akatengeneza nyingine na nyingine, na wenye fedha za filamu wakambandika jina la Kimarekani kwenye mabango ili ziuzike nje. Aliniambia, "Ida, aliyepata sifa ni mtu ambaye hayupo." Baadaye televisheni ikaingia kila nyumba, majumba ya sinema yakafungwa, mkewe akaondoka, naye akaishia kupiga picha za matangazo ya sabuni. Alipoanza kuanguka bafuni ndipo binti yake, ambaye anafanya kazi hotelini huku, akamchukua.

Alimchukua, ila hawakuwa wakizungumza. Sisemi hawakusalimiana. Alimnunulia kitanda cha wagonjwa, alimletea daktari nyumbani, kucha alimkata mwenyewe, lakini akimaliza tu anatoka. Mzee humfuata kwa macho mpaka mlango ufungwe. Mimi nilidhani ndivyo Wazungu walivyo.

Basi siku moja, Madamu yuko kazini, Mzee akaniomba nimtolee filamu fulani kwenye sanduku lililokuwa chini ya ngazi. Nikaiweka. Kaka, lile jumba lilipotokea tu, nikapiga kelele. Mtoto wa Kabatini! Ile ile uliyokuwa unaionyesha kwenye banda umiza lako la video pale Makorora, ukiitafsiri mpaka akina mama wakawa wanakuja na kanga ya pili ya kufutia machozi. Nikamweleza Mzee kwa Kiingereza chetu kibovu, chake na changu, kwamba huko kwetu aliyeizungumza filamu hii kwa Kiswahili ni kaka yangu wa tumbo moja. Alinitazama kama mwongo. Ilipofika pale mtoto amefungiwa kabatini analia, halafu nje inasikika ile sauti ya mwanamume, ya chini chini, nikayatoa maneno yako kama ulivyokuwa unayasema kwenye kipaza sauti: "Basi mwanangu, usilie. Baba nimefika. Nafungua."

Mzee akasimamisha filamu. Akataka kujua nimesema nini, nikamfasiria.

"Siyo," akasema. "Sauti hiyo ni yangu mimi. Nasema: Bado. Mwacheni alie."

Yule mtoto ni Madamu, kaka. Alikuwa na miaka sita, na hakuna aliyemwambia kuwa ni mchezo. Baba yake alitaka kilio cha kweli, akamfungia kabatini kweli, mafundi wamesimama wanangoja amri, na yeye humo gizani anamsikia baba yake mzazi anasema bado. Sauti ilinaswa kwa bahati mbaya, lakini Mzee hakuitoa, aliipenda kwa kuwa inatisha. Ndiyo filamu iliyomtajirisha. Madamu hajaitazama mpaka leo.

Nikakukumbuka wewe, kaka, nikaona haya. Unawakumbuka wale vijana walioingia bandani na simu yenye moja ya filamu zako, ina maandishi ya Kiingereza chini, wakawasomea watu, ikajulikana kwamba Kitaliano hukijui na miaka yote ulikuwa unatunga. Banda zima lilicheka. Ulizima jenereta ukatoka, na hukurudi tena kwenye kile kipaza sauti. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na nilicheka. Nilicheka kuwashinda, wasije wakajua nimeumia. Miaka yote hii umekaa kimya na mimi sijawahi kulitamka hili. Nisamehe, kaka yangu. Nisamehe sana.

Mzee hakucheka. Alisema, "Kaka yako ameongoza vizuri kuliko mimi." Kisha akataka nimfundishe yale maneno, ayaseme mbele ya binti yake, nami nimfasirie. Nikamuuliza, kwa nini usimwambie kwa lugha yenu? Akasema kwa lugha yao amejaribu tangu nywele ni nyeusi, kila mara aibu inamkaba. Basi tukawa tunafanya mazoezi. Nikimnyoa anayasema, nikimnywesha supu anayasema, supu inamwagikia shuka. "Nafungua" ilimkaa vizuri. "Mwanangu" ilimtesa, lakini hatimaye akaipata.

Alipokuwa tayari nikamwambia Madamu kwamba baba yake ana neno naye. Alikuwa anavaa viatu aende kazini. Akasema, "Amengoja maisha yote, angoje Ijumaa niwe na nafasi." Hakulisema kwa ubaya, alikuwa amechelewa tu.

Mzee hakuifikia Ijumaa. Jumatano baada ya chai pumzi ikabadilika. Nikapiga simu kwa Madamu, nikaita gari la wagonjwa, nikarudi kumshika mkono. Nikamwambia, "Mzee, sema, nitamfikishia." Akafumbua macho, akasema kitu kwa Kitaliano, mara mbili, kwa hasira, huku anasukuma glasi ya maji. Yakawa ndiyo maneno yake ya mwisho. Sijui alisema nini. Labda alitaka mto. Labda alinitukana.

Madamu akaingia na sare yake ya kazi. Hakulia. Alisimama mlangoni mwa chumba akaniuliza, "Ida, alikuwa anataka kuniambia nini?"

Nikamwambia. Kwanza kwa Kiswahili, halafu maana yake.

"Ameyasema mwenyewe?"

"Ndiyo, Madamu."

"Lini?"

"Sasa hivi. Ndiyo aliyoishia nayo."

"Alisema anafungua?"

"Alisema anafungua."

Kaka, yule mama alikaa sakafuni na viatu vyake virefu akalia kama mtoto wa miaka sita, mpaka watu wa gari la wagonjwa wakarudi nje kungoja. Kisha akaenda kumkumbatia baba yake, akamlalia kifuani. Tangu niingie nyumba hii sikuwahi kuliona hilo. Na kabla ya kwenda uwanja wa ndege akanipa karatasi, niyaandike yale maneno kwa Kiswahili chake kile kile, atayasoma kanisani Jumapili ijayo siku ya maziko, kuwa ndiyo maneno ya mwisho ya baba yake. Nimeyaandika. Niliharibu karatasi mbili kwanza.

Kuna jirani yetu, Bi Salma, mzaliwa wa Unguja, huniletea mikate ya kumimina. Nilimfungulia moyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, mie nna miaka sabiini, na hili sikwambii halali wala haramu. Kamuulize alokufunza."

Aliyenifunza ni wewe. Nimekaa benchi lako tangu utoto nikikusikia unawasemea watu usiojua lugha yao, na sasa mimi nimemsemea maiti. Nikimpigia Madamu nikamwambia ukweli, nimemrudisha kabatini kwa mkono wangu. Nisipomwambia, atasimama mbele ya Mungu wake na watu wake kusoma kitu ambacho babaye alijifunza, alikitaka, lakini hakukisema. Nimegeuza huku na huku, sipati jibu. Wewe ulikuwa unajuaje kwamba hapa niongeze na hapa niache? Na uliporudi nyumbani, ulikuwa unalala?

Nisalimie mama na umbusu mikono. Msalimie wifi Zuhura anayekuvumilia, na Mjomba Ali fundi baiskeli, mwambie nimeisikia habari ya mke wa pili na nimecheka peke yangu. Wajukuu wa mama wote nawapa salamu, mkubwa mpaka wa kunyonya.

Kaka, nitakupigia Ijumaa baada ya sala, maana Jumapili ni karibu. Pokea. Kama neno halipo, usiseme neno, ila pokea tu nikusikie unapumua.

Mdogo wako,
Mwanaidi