Waya Mnene Ulionitumia

Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumamosi, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kikohozi chako kimekwisha. Sisi hatujambo. Goti langu hulalamika kwenye ngazi, lakini hunifikisha.

Nakuandikia kuhusu waya mnene ulionitumia kutoka dukani kwenu. Uliniambia kwamba sauti husafiri kama namba, kwamba katika waya wa kawaida namba hizo hutikisika, na kwamba mtikisiko huo, uitwao jita, ndio unaoikwaruza sauti ya marehemu mama yangu katika ile diski uliyoninakilia kutoka kwenye kanda yake. Niliuchomeka kwenye amplifaya, nikamsikia akivuta pumzi kabla ya kuimba. Nililia, nikakuandikia kwamba nimelia. Shemeji yangu aliposema hasikii tofauti yoyote, nilimwambia masikio yake yamejaa pamba.

Majuzi nilikuwa nikiisikiliza na kuisifu tena pumzi ile, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee wangu, waya wenyewe uko jikoni! Ulikataa kukunjika, kabati likawa haliegemei ukuta. Nilirudisha ule wa zamani siku ile ya kupiga deki."

Nilikwenda kuangalia. Ulikuwa umetumika kufungia mlango wa stoo ya jikoni.

Sikukukasirikia. Masikio hudanganyika. Nilisoma, nikaona jita ipo kweli, ila mashine inayopokea namba huzipanga upya kabla ya kuzigeuza sauti. Kwa waya mfupi wa sebuleni, hakuna sikio litakalotambua. Nilidhani nawe umedanganywa na matajiri wako. Nilipokwenda kumwomba shemeji radhi, nilikutetea.

Kisha ukaja ujumbe wako wa sauti, uliokusudia kumpelekea binamu yako, ukauangusha kwenye simu ya mkaza mjomba wako. Tulikuwa mezani.

"Mjomba? Wala usihangaike. Mpe neno gumu tu, masikio yatajijazia yenyewe. Nyaya zote ni zilezile, sisi wenyewe dukani tunazicheka."

Mkaza mjomba wako hakucheka siku hiyo.

Nilikufundisha kusoma ukiwa umekaa mapajani pangu. Neno lako sikulipima kwa sababu lilikuwa lako. Hilo ndilo ulilolitumia. Methali "Kikulacho ki nguoni mwako" niliifundisha darasani miaka mingi, wala sikuwahi kujipapasa.

Kanda za bibi yako zilizobaki nilikuwa nimezifunga tayari kukutumia uzinakili. Nimezifungua. Hazina nakala nyingine, na sitazitia mikononi mwa mtu aliyejua kilichoniliza akakicheka.

Msalimie mkeo, ambaye sina neno naye, na binamu yako. Shemeji anakusalimu. Mungu akupe afya, akupe na haya.

Ukitaka kumsikia bibi yako, njoo mwenyewe. Kiti chako kipo palepale, na waya ni ule wa zamani.

Akupendaye hata sasa,
Mjomba wako