Kikao cha Dharura Kuhusu Keki Tatu Zilizodidimia

KIKUNDI CHA WAOKAJI: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA

Tarehe: Jumamosi, tarehe 14. Kiliitishwa saa 8:00 mchana, kikaanza saa 9:10.
Mahali: Chumba cha nyuma cha duka la Mshonaji, kati ya cherehani na oveni.

Waliohudhuria:
1. Mshonaji – Mwenyekiti
2. Mama Pacha – Mtunza Stoo
3. Fundi Oveni – Mjumbe
4. Bibi – Mpishi Mkuu (pia ni bibi mzaa mama wa Katibu)
5. Mwanafunzi – Katibu

Asiyehudhuria: Shemeji wa Mwenyekiti. Hakutoa udhuru, wala hakuna aliyemuulizia.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwakumbusha wajumbe kwamba yeye ndiye Mwenyekiti.

KUMB. NA. 2/7: KEKI
Mwenyekiti alieleza kwamba siku ya Alhamisi mama wa bwana harusi, aliyetaka kuagiza keki ya harusi, alikuja kuonja keki tatu za majaribio. Zote zilikuwa zimedidimia katikati. Mgeni aliinua moja kwa vidole viwili akauliza, "Hii ni keki au kifuniko cha sufuria?" Ametoa nafasi nyingine moja tu, Jumatatu.

Mwenyekiti alisema vipimo viliandikwa kitaalamu, hivyo kosa ni la mpishi. Alipendekeza Bibi aondolewe kwenye oveni, apewe kazi ya kuosha trei. Mama Pacha aliunga mkono kabla pendekezo halijaisha.

Fundi Oveni alisema oveni ni nzima. Hakuna aliyekuwa ameisema oveni.

Bibi alisema, "Mimi niliwaambia mapema, hii si keki, huu ni uji. Nikataka kuongeza unga. Nani alinishika mkono?"

Mwenyekiti alijibu, "Bibi, kupima kwa macho kumepitwa na wakati. Karatasi imesema vikombe viwili."

"Basi karatasi ije ioke."

KUMB. NA. 3/7: KARATASI
Ilielezwa kwamba mizani ya kikundi ilipoanguka na kufa, Mwenyekiti aliagiza mapishi yote yageuzwe kutoka gramu kwenda vikombe. Kazi hiyo alipewa Katibu, kwa kuwa kitabu cha mapishi ni cha Kiingereza na yeye husoma shule ya lugha mbili. Mwenyekiti alimsifu tena: "Huyu mtoto ana kichwa." Katibu aliangalia sakafu.

Bibi aliomba itumike mizani ya jirani muuza mchele, ambayo Fundi Oveni alikwenda kuiazima. Kikombe kilijazwa maji: gramu 250. Kikafutwa, kikajazwa unga: gramu 125.

Mwenyekiti alisema mizani ya mchele haiwezi kujua ngano. Akapima mwenyewe, akikigonga kikombe mezani mara sita ili unga ushindiliwe. Gramu 150. "Mnaona? Inapanda!"

Bibi alisema, "Gonga mpaka kesho, mwanangu. Hautakuwa maji."

KUMB. NA. 4/7: MENGINEYO
Katibu aliinua mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu achaguliwe, hivyo Mwenyekiti alimruhusu kwenda chooni.

Katibu hakwenda. Alieleza kwamba kikombe kina alama ya mililita 250. Kwamba shuleni alifundishwa mililita moja ya maji ni gramu moja. Na kwamba aliuhesabu unga kama maji. Penye gramu 500 akaandika vikombe viwili badala ya vinne. Alieleza pia kwamba alilijua kosa tangu Ijumaa asubuhi, na leo akakaa kimya bibi yake akisemwa, kwa sababu aliogopa kuchekwa.

Alichekwa. Mama Pacha alisema, "Kizungu chote hicho, unga umeufanya maji!" Itakumbukwa kwamba Mama Pacha ndiye aliyevichota vikombe hivyo viwili, na hakushtuka.

Bibi hakucheka. Alisema, "Mjukuu wangu, ungeniambia jikoni, saa hizi tungeshaoka." Katibu anakiri kwamba hilo lilimuuma kuliko kicheko.

KUMB. NA. 5/7: MAAZIMIO
Bibi abaki kwenye oveni. Unga uwe vikombe vinne, uchotwe kwa kijiko, usigongwe. Mwenyekiti asiguse kikombe (wote waliafiki, isipokuwa mhusika).

Mwenyekiti aliagiza Kumb. Na. 2/7 ifutwe, iandikwe: "Wajumbe walijadili vipimo kwa amani." Katibu alisema hapana, kwa sauti iliyosikika.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 11:25 jioni, Bibi alipoitaka meza yake.

Mwenyekiti: (atasaini neno "uji" likiondolewa)
Katibu: amesaini. Neno lipo.