Isale la Bagamoyo

Kibosho,
Agosti 1977

Kwa Dada yangu Salvina,

Shikamoo. Tangu Jumamosi iliyopita kuna mlio mmoja haunitoki masikioni: honi ya Folkswageni ya Melkior huko migombani, akiniita kama abiria anayechelewesha safari. Unisamehe kuanza na hilo kabla ya kukujulia hali. Habari za Songea? Shemeji Basili kifua kimepona? Huku afya tunazo. Shule zimefungwa, baridi imekaza, kahawa imeanza kuiva.

Siku hiyo nilikuwa nafua. Nilitoka na povu mikononi, mume wangu akasema nipande hivyo hivyo, tunakwenda Bagamoyo. Nikadhani ananitania. Akacheka, akasema walimu wa historia kazi yetu kusimulia mahali tusipopajua. Leo nikapaone, tena ndiko walikotoka mapadre waliotujengea kanisa tulilofungia ndoa. Dada, katika miaka sita Melkior hakuwahi kunichukua popote bila shughuli. Nilibadili gauni, kandambili nikaondoka nazo.

Njiani aliimba. Korogwe alininunulia machungwa, akanimenyea mwenyewe huku nikimtazama mikono, nikiwaza pengine hivi ndivyo wenzangu wanavyoishi. Nyumba yetu unaijua: anarudi, anakula, anafungulia redio. Na maneno ya mama mkwe unayajua, kwamba mgomba usiozaa hukatwa ukalishwa ng'ombe. Mwezi huu ukoo ulikubaliana kumletea Melkior mke wa pili, Juliana, binti wa Mama Dafroza wa hapo bondeni, aliyemaliza shule juzi tu. Padre hamtambui mke wa namna hiyo, lakini ukoo haumngoji padre. Mimi sikupinga. Daktari wa mjini alikuwa ametupima wote wawili, Melkior akafuata majibu, akarudi kuniambia kasoro ni yangu.

Jumapili tulisali misheni, tukapita kwenye makaburi ya mapadre wa mwanzo, wengine walikufa wakiwa na umri wangu. Tukaenda kutazama milango ya nakshi na boma la Wajerumani. Nilieleza kama niko darasani, naye akaniuliza maswali kama mwanafunzi mtundu, akiniita mwalimu, na watu wakatugeukia kwa jinsi tulivyocheka. Saa nane ikatukuta bado mjini. Jumapili baada ya saa nane, kwa amri ya serikali ya kubana petroli, gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani, kwa hiyo nikamlaumu kwamba ametulaza ugenini tena. Akasema alijua.

Tukakaa ndani ya gari lililozimwa, kwenye kivuli cha ukuta. Akatoa gazeti chini ya kiti, ndani yake jani la isale limeanza kunyauka. Alilikata uani kwetu kabla ya kupiga ile honi. Wewe unajua kwamba isale halikataliwi, hata aliyeuliwa ndugu hulipokea akasamehe. Unajua pia kwamba hutolewa mbele ya wazee, kosa likiwa limekwisha kutajwa. Melkior alilitia mkononi mwangu kwanza. Nami nililipokea nikitabasamu, nikidhani ananiomba radhi kwa ukimya wa miaka yote.

Ndipo aliposema. Kasoro ni yake, daktari alimwambia wazi wazi, wala haina dawa. Aliona haya mbele ya mama yake. Akaniomba nimsamehe na maneno hayo yabaki Bagamoyo, maana nyumbani hata migomba ina masikio. Kisha, kwa kunifariji kabisa, akaniambia kwamba Juliana akija naye asipozaa, sitasemwa peke yangu tena.

Tulirudi Jumatatu.

Nimemsamehe, Dada. Isale nimelipokea na sitalirudisha. Sitamtukana wala kumshtaki kwa wazee. Lakini alinipa mimi. Juliana hajaombwa msamaha na mtu, na pombe ya mbege ya kumposea ilikuwa imekwisha kupikwa.

Jana nilishuka kwa Mama Dafroza. Nilimkuta anaanika kahawa, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kuchambua zilizooza, kisha akaniuliza kama naelewa kwamba wataniita mke aliyemvua mumewe nguo hadharani. Nikamjibu naelewa. Akasema binti yake haolewi tena kwa Melkior, na mimi nisikanyage uani kwake. Nikapanda kurudi nyumbani, nikamwambia Melkior nilikotoka na nilichosema, kabla hajakisikia kwa mtu mwingine.

Nisalimie shemeji, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Ukinijibu, tumia anwani ya shule, maana hapa sijui nani atanipokelea barua.

Mdogo wako akupendaye,
Zita