Kilo Mia na Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Bomba jipya la chuma la kutengenezea ngazi limefika. Nimelipima mwenyewe — unene wake ni kama nusu ya lile la zamani. Nikadhani tumeletewa mzigo wa watu wengine. Kaka akasema hapana, ndilo aliloagiza. Karakana ni yake tangu Baba alipofariki. Mimi kazi yangu ni kukagua ngazi kabla hazijatoka na kuzibandika stika. Stika inasema: INABEBA KILO 120. Nikamuuliza, na stika je? Akasema tutaona.

Tutaona nini sasa?

Jumatano, 5 Machi

Ngazi za kwanza za bomba jipya zimetoka asubuhi. Saa nane mchana hakuna hata moja! Bei imeshuka nusu, watu wamepanga foleni mpaka kwa muuza matairi. Kaka kutwa nzima meno nje. Anasema bei ikishuka kila mtu anapata chake: mteja ngazi, sisi kazi, na jirani wa ng'ambo ya barabara, anayeuza ngazi kama sisi, naye itabidi akaze buti. Sikuona pa kumpinga.

Stika nimezibandika zote. Ngazi sikupima hata moja.

Nilikuwa na haraka. Au niliogopa jibu. Sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimepima. Wenzangu walipokwenda kula, nikatundika mifuko ya mchanga kwenye kipago cha katikati. Sitini — salama. Tisini — salama. Tisini na tano — mguu mmoja wa ngazi ukaanza kupinda, polepole, kama mtu anayepiga goti. Nikajaribu nyingine mbili. Yaleyale.

Cheche, mchomeleaji wetu mkuu, alirudi mapema akanikuta. Akanisaidia kushusha mifuko, kisha akasema watu wanne wameajiriwa wiki hii, mmoja wao shemeji yake, aliyekaa miezi minane bila kazi. Akaenda zake. Ni hayo tu aliyosema, na yamenitosha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Kaka. Hakukasirika — afadhali angekasirika. Alinikalisha ofisini akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja. Biashara ni hiari. Hakuna aliyekamatwa shati anunue. Anayetaka ngazi nzito akanunue nzito. Nikamwambia hiari ni pale mtu anapojua anachonunua.

"Na zile nzito, mdogo wangu," akasema, "mwaka jana tuliuza ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Chache mno.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama. Nilikwenda kutafuta wa kunishika mkono, nimerudi nimevurugika zaidi. Nilijua atasema Baba asingekubali. Akasema ni kweli, asingekubali — na nyinyi mlirudishwa nyumbani mara ngapi kwa sababu ya ada? Alikuwa anakunja nguo, wala hakuniangalia. Akasema uaminifu wa baba yenu, mimi ndiye niliyekuwa naupika jikoni, na haukuwa unashibisha.

Halafu, niko mlangoni tayari, akaniuliza ngazi ngapi zimeshatoka. Nikamwambia mia na kitu.

Akaacha kukunja.

Jumanne, 11 Machi

Fundi rangi mmoja, mwembamba kama mpini wa brashi yake, amekuja kunishukuru. Mimi! Miaka tisa amekuwa akikodi ngazi kwa siku, nusu ya ujira inaishia huko. Sasa anayo yake, ameiandika jina ubavuni kwa rangi nyekundu. Nikamuuliza ana kilo ngapi. Akacheka, akidhani namtania. Sitini na moja. Nikashusha pumzi. Kisha akasema yeye hukaa chini akichanganya rangi. Anayepanda ni mwenzake, pande la mtu.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia ngazi hii haimfai mtu mzito, nitambadilishia na ya zamani iliyobaki stoo, bila kuongeza hata senti. Akainyanyua ile ya zamani, akaitua. Ataifungaje kwenye baiskeli? Alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi kisha akaombwa airudishe. Akasema basi, atamwambia mwenzake awe anapanda taratibu.

Taratibu! Kilo ni kilo.

Sasa nani amemsaidia yule mtu? Kaka, aliyemwezesha kumiliki ngazi? Au mimi, niliyetaka kumpa isiyobebeka? Na kama ni Kaka, mbona nimeshindwa kumtazama fundi usoni? Nimejaribu kuyapanga haya yakae sawa, hayakai. Bei nafuu ni jambo jema. Kazi ni jambo jema. Stika ni uongo. Na vyote vitatu viko kwenye ngazi moja.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa stoo, mlango nimeuegesha.

Jana nilimwambia Kaka sibandiki tena. Na leo ndiyo siku amekuja mteja mkubwa, mwanamke mwenye kampuni ya kusafisha majengo. Anataka ngazi mia mbili. Bei ameipenda. Sharti lake moja: stika isisome chini ya kilo mia. Ana watu wa kila umbo, anasema.

Kaka alinifuata huku ndani. Nikajiandaa kugombana. Akaniwekea mapajani rundo la stika mpya, zimechapwa INABEBA KILO, kisha pa namba pameachwa wazi. Akakaa juu ya mfuko wa mchanga. Akasema naye hajui. Tukiandika tisini, mteja anaondoka, na wale wanne, ambao sasa ni saba, Jumatatu hawana pa kwenda. Tukiandika mia na ishirini...

Nikamwambia kuna bomba la unene wa kati, kwa bei ya kati. Akasema alishaliulizia. Jirani anauza chini ya hapo, na stika yake yeye inasema mia na hamsini. Tukacheka, wote wawili. Sijui tulicheka nini.

"Wewe ndiye uliyepima," akasema. "Andika. Utakachoandika, mimi nasaini."

Akatoka kumpelekea mteja soda.

Kalamu ninayo. Ni tarakimu ya kwanza tu, moja au tisa, nyingine zitafuata zenyewe. Na zile mia na kitu zilizokwisha kutoka? Hizo nazo nani atazifuata, mlango hadi mlango?

Nasikia ngazi inaegemezwa ukutani huko uani. Mteja anasema yeye hanunui kitu bila kukijaribu mwenyewe. Ni mwanamke mwenye mwili. Cheche na wenzake wameacha kupiga nyundo.

Kaka anamwambia asubiri, asipande kwanza.

Anaulizwa kwa nini.

Hajajibu bado —